Jirani ni Shahidi, Si Hakimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe rai yangu juu ya desturi moja tuliyo nayo sote, wazee kwa vijana, waliosoma na wasiosoma. Ni desturi ya kutaja sababu ya msiba kabla sababu haijajulikana. Nitaieleza kwa mfano wa nyumba inayolipuka, maana hapo ndipo desturi hii huonekana wazi, na ndipo madhara yake huwa makubwa.

Nyumba ya mtu ikilipuka usiku, mtaa mzima hutoka nje. Hilo ni jema, kwa kuwa jirani ndiye wa kwanza kufika na ndiye wa kwanza kuokoa. Lakini kabla vumbi halijatua, sababu huwa zimekwisha kupatikana, tena si moja. Huyu asema mtungi wa gesi umepasuka. Yule asema ni umeme. Wa tatu asema mwenye nyumba alificha baruti za kuvulia samaki. Wa nne huinama na kunong'ona kwamba mwenye nyumba alikuwa na ugomvi na nduguye juu ya shamba la urithi, na kwamba moto ule una mkono wa mtu. Ikifika asubuhi, lile la nne ndilo lililofika sokoni, na jina la yule ndugu limekwisha kutajwa.

Rai yangu ni hii. Jirani ni shahidi mkubwa kuliko watu wote, lakini ni hakimu mbaya. Kazi yake ni kusema aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyoyanusa. Sababu awaachie wenye kuipima. Akizichanganya kazi hizi mbili, huharibu zote mbili, na anayeumia huweza kuwa mtu asiye na kosa, au huweza kuwa sisi wenyewe siku nyingine.

Nitatoa mifano ya nchi za mbali, ambayo uchunguzi wake umekwisha na kuandikwa. Mfano ambao mwisho wake wajulikana ndio unaofaa kupimia maneno yaliyosemwa mwanzo.

Katika mji wa Indianapolis, Marekani, kuna mtaa uitwao Richmond Hill. Usiku wa tarehe 10 Novemba 2012, baada ya saa tano, nyumba moja ya mtaa huo ililipuka. Mume na mke waliokaa nyumba ya pili yake walikufa, na yule mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba zaidi ya 80 ziliharibika, na zaidi ya 30 kati ya hizo ikabidi zibomolewe. Watu waliokurupushwa usingizini wakatafuta sababu. Wengine walidhani ndege imeanguka, wengine wakasema ni bomu. Siku zilizofuata ikaenea habari kwamba tanuru la kupashia nyumba ile joto lilikuwa na kasoro. Kule baridi ni kali, na nyumba nyingi zina tanuru la gesi. Kwa hiyo neno hili lilikuwa na sura ya kweli kabisa. Mtu mwenye busara zake angeweza kulikubali na kurudi kulala.

Uchunguzi ulionyesha mambo mengine. Kampuni ya gesi ilipima mabomba ya mtaa na haikuona mahali palipovuja. Wapelelezi walichambua kifusi kidogo kidogo, wakagundua kwamba kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi inayoingia katika nyumba ile kilikuwa kimeondolewa. Tarehe 19 Novemba, siku tisa baada ya mlipuko, wakubwa wa upelelezi walitangaza kwamba sasa wanapeleleza mauaji. Mahakamani ikathibitika kwamba mwanamke mwenye nyumba, rafiki yake wa kiume na ndugu wa rafiki huyo walikula njama kuilipua nyumba ili walipwe fedha za bima, dola 300,000. Kwa mujibu wa mashtaka, waliiacha gesi ijae ndani, na cheche ikatolewa na jiko la maikrowevu lililotegwa kwa saa yake. Wenyewe walikuwa mbali katika nyumba ya kamari. Mtoto alikuwa amelazwa kwa mlezi, na hata paka wao alikuwa amepelekwa mahali pa kulelea wanyama. Watu 5 walishtakiwa. Wale wanaume wawili walihukumiwa kifungo cha maisha, na mwanamke kifungo cha miaka 50.

Sasa na tuulize: watu wa kawaida waliisaidiaje haki katika jambo hili? Dhana ya ndege haikusaidia, wala ya bomu, wala ya tanuru. Kilichosaidia ni vitu vidogo walivyoviona watu bila kuvipa maana. Wapelelezi waliomba wananchi habari za gari jeupe la mizigo lililoonekana mtaani siku ile. Aliyeliona alitakiwa kusema kwamba ameona gari jeupe, basi. Hakutakiwa kusema kwamba ameona gari la wauaji. Na aliyempokea yule paka alijua tu kwamba amepokea paka. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na vipande vilipowekwa pamoja na ile habari ya kifaa kilichoondolewa, ukweli ukasimama.

Tazama pia hatari iliyokuwamo katika dhana ya tanuru. Haikumtukana mtu wala kumtaja mchawi. Ilikuwa dhana ya upole. Lakini kama mji ungeridhika nayo, watu wawili wangezikwa kwa jina la ajali, na wenye kosa wangepokea fedha zao. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba kukisia ni kubaya pale tu kunapomsingizia mtu. Kukisia kwa upole nako kwaweza kumficha mwenye hatia.

Mfano wa pili watoka katika nchi hiyohiyo, mji wa San Bruno, jimbo la California, ulio karibu na uwanja wa ndege wa San Francisco. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, moto mkubwa ulilipuka kutoka ardhini katikati ya nyumba za watu. Watu wengi walidhani ndege imeanguka. Kwani wangedhani nini kingine? Ndege zilipita juu ya vichwa vyao kila siku. Lakini lililopasuka ni bomba kubwa la gesi, lenye upana wa inchi 30, lililopita chini ya barabara yao. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Kuifunga gesi kulichukua zaidi ya saa moja na nusu.

Tume iliyochunguza ilitoa taarifa yake mwaka 2011. Ilieleza kwamba sehemu ya bomba iliyopasuka iliwekwa mwaka 1956 na mshono wake ulichomelewa vibaya. Jambo la ajabu ni kwamba kumbukumbu za kampuni yenye bomba zilionyesha kuwa bomba la mahali pale halina mshono hata kidogo. Basi si wakazi peke yao waliokosea. Karatasi za ofisini nazo zilikosea, tena kwa miaka mingi. Ndiyo maana nasema kwamba ubaya huu si wa watu wasiosoma tu. Ni wa kila mtu anayeridhika na jibu lililo karibu badala ya kwenda kutazama.

Mifano hii yatufundisha jinsi akili zetu zinavyofanya kazi. Mtu hukisia kwa vile alivyo navyo karibu. Anayekaa penye uwanja wa ndege huona ndege. Anayekaa pwani ambako samaki huvuliwa kwa baruti huona baruti. Mwenye chuki na jirani yake huona mkono wa jirani. Anayeogopa uchawi huona uchawi. Sababu tunayoitaja usiku wa msiba mara nyingi yaeleza habari zetu sisi kuliko habari za nyumba iliyolipuka.

Haya hayapo mbali nasi. Jikoni kwetu mambo yanabadilika. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 kati ya kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Mtungi wa kilo 6 umeingia katika vyumba ambavyo zamani vilikuwa na jiko la mkaa tu. Naunga mkono mabadiliko hayo. Moshi wa kuni umewaumiza mama zetu macho na mapafu kwa muda mrefu. Lakini chombo kipya chataka elimu mpya, na palipokosekana elimu uvumi hukaa.

Chukua neno tunalolisema daima: "Mtungi umelipuka." Mara nyingi moto ukizimwa, mtungi wenyewe huonekana mzima. Kilicholipuka ni hewa ya chumba iliyochanganyika na gesi iliyovuja penye mpira, penye regulata au penye jiko lililoachwa wazi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda na hupita chini ya mlango hadi chumba cha pili. Lita moja ya gesi ile ikiwa maji ndani ya mtungi hutoa kiasi cha lita 250 ikiwa hewa. Na haihitaji kujaa chumba. Ikifika kama sehemu 2 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche ndogo yatosha: kiberiti, swichi ya taa, au friji inapojiwasha yenyewe.

Ni kweli kwamba mtungi nao huweza kupasuka, hasa ukizungukwa na moto mkali. Lakini hapo ndipo ushahidi wa jirani unapokuwa na thamani. Je, kishindo kilikuja kwanza, ndipo moto ukaonekana? Au moto uliwaka kwanza, na kishindo kikafuata baadaye? Vishindo vilikuwa vingapi? Harufu ilisikika tangu lini? Majibu ya maswali haya yaweza kumwonyesha mpelelezi njia. Tena yupo jirani mmoja tu aliyekuwa macho wakati ule, labda mama aliyekuwa akinyonyesha au kijana aliyekuwa akisoma kwa ajili ya mtihani. Kama mama huyo amekwisha kusikia mara hamsini kwamba "mtungi ulilipuka," kesho yake naye atakumbuka kwamba mtungi ulilipuka. Atasema hivyo kwa moyo safi, bila kusema uwongo, na ushahidi wake umekwisha kuharibika. Hivyo uvumi huharibu hata macho ya waliokuwapo.

Hata harufu ile ya gesi ina historia inayotuhusu sisi wanafunzi. Gesi yenyewe haina harufu. Ile tunayoisikia imetiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilikuwa imevuja chini ya jengo bila mtu kujua. Cheche kutoka mashine moja ya karakana ya ufundi ikaiwasha. Wanafunzi na walimu kiasi cha 300 walikufa. Sababu ilitafutwa, ikapatikana, na mwaka huohuo Texas ikaweka sheria kwamba gesi itiwe harufu mbaya ili watu waonywe. Sehemu nyingine zikafuata. Kama watu wa kule wangeishia kusema kwamba ni kazi ya Mungu, au ni adui fulani, maiti wangezikwa vilevile, lakini mitungi yetu leo huenda isingenuka.

Kadhalika, tarehe 16 Mei 1968, mashariki ya London, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliamka asubuhi na mapema akawasha kiberiti apike chai. Jengo hilo, Ronan Point, lilikuwa na ghorofa 22 na lilikuwa jipya, lina miezi miwili tu. Kwa kishindo kile pembe nzima ya jengo iliporomoka toka juu hadi chini, na watu 4 walikufa. Yeye mwenyewe alipona. Ingekuwa rahisi namna gani kumlaumu mpangaji yule! Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Lakini tume ya uchunguzi ilikuta kwamba nati ya shaba iliyounganisha jiko na bomba la gesi ilikuwa na kasoro, na kwamba kuta za jengo ziliungwa kwa namna isiyoweza kustahimili mshtuko kama ule. Mwaka 1970 kanuni za ujenzi za Uingereza zikabadilishwa, ili mlipuko mdogo wa chumba kimoja usiangushe jengo zima. Lawama kwa mpika chai isingemlinda mtu hata mmoja katika majengo mengine.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa ninalotaka wasomaji walikumbuke. Sababu ya kweli ina matunda: hutoa sheria, hutoa harufu katika gesi, hutoa nati bora. Sababu ya kubuni hutoa uadui tu, na chanzo kile kile hubaki palepale kikisubiri nyumba nyingine.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atanipiga kwa methali: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nawaheshimu wazee walioiacha methali hiyo, lakini wazee haohao walituachia nyingine: "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Kidole hupona. Mtu aliyetangazwa sokoni kwamba ameichoma nyumba ya nduguye, akaja kuonekana hana kosa, hapati tangazo la pili la kumsafisha. Waliosikia la kwanza hawaji kusikia la pili. Wanawe watalisikia shuleni, na sisi tunajua jinsi maneno kama hayo yanavyosemwa mabwenini.

Wa pili atasema: "Watu wana hofu. Wataka kujua leo kama watalala salama. Uchunguzi huchukua miezi." Hoja hii ina uzito, na siidharau. Mtu aliyeona ukuta wa jirani ukiruka hawezi kuambiwa anyamaze asubiri karatasi. Lakini dawa ya hofu ni kutenda yanayofaa kwa kila sababu iwezekanayo. Kama kuna shaka ya gesi, kila nyumba ifunge mtungi wake na ikague mpira wake usiku uleule. Kama kuna shaka ya umeme, watu wasiguse nyaya zilizoanguka, na shirika la umeme liitwe. Hayo yote yaweza kufanywa bila kumtaja mwenye kosa.

Wa tatu atasema kwamba watu hukisia kwa sababu wakubwa hawasemi. Huyu ana haki kabisa. Tume huundwa, huenda, na pengine wananchi hawasikii tena neno. Pasipo habari, uvumi huingia kama maji penye shimo. Basi nawaomba viongozi wetu wa mitaa na maofisa wanaohusika: taarifa ya uchunguzi isomwe katika mkutano wa mtaa, palepale msiba ulipotokea, kwa lugha ambayo mama muuza vitumbua aielewa. Waseme lililojulikana, na waseme lililo bado. Tukiwataka wananchi wazuie ndimi zao, ni haki nao wapewe kitu cha kushika.

Tena kuna ushahidi ulio bora kuliko ule wa baada ya mlipuko, nao ni ule wa kabla. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka penye eneo la kujazia mitungi lililokuwa katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kibali cha mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, na kwamba wingi wa watu wanaokaa karibu ulikuwa miongoni mwa sababu. Mahali kama hapo jirani hana haja ya kukisia lolote. Akiona malori ya gesi yakiingia usiku kati ya nyumba, akisikia harufu siku baada ya siku, ana la kusema tayari, na wakati wa kulisema ni huo. Tena yeye apitaye njiani huweza kusikia harufu ambayo aliyekaa ndani kwa saa nyingi haisikii tena, kwa kuwa pua huizoea. Pengine jirani ndiye pua ya pekee iliyobaki.

Sasa nawageukia wenzangu wanafunzi. Katika chumba cha maabara twafundishwa kuandika daftari kwa utaratibu. Kwanza twaandika tulilolifanya. Halafu twaandika tulichokiona: rangi imegeuka, povu limetoka, joto limepanda kwa digrii kadhaa. Mwisho ndipo twaandika hitimisho. Mwanafunzi anayeandika hitimisho kwanza, halafu akatafuta maono ya kulitosheleza, hupewa alama ya chini, na mwalimu huandika kando kwa wino mwekundu. Twalikubali somo hili saa mbili kwa juma. Kwa nini tulivue pamoja na sare tufikapo nyumbani likizo?

Mkiwa nyumbani, na Mungu apishe mbali, ikatokea nyumba kulipuka karibu nanyi, kwanza saidieni kwa kadiri ya usalama, na pigeni simu zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114. Kama kuna harufu ya gesi, msiwashe kiberiti, msibonyeze swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Fungeni mtungi kama waweza kufikiwa bila hatari, fungueni milango na madirisha, na mtoke wote nje. Watu wakiisha kuwa salama, chukueni karatasi mwandike: saa ngapi, kishindo kimoja au viwili, moto ulitokea upande gani, harufu gani, nani aliingia na nani alitoka. Andikeni kabla hamjaketi barazani kusikiliza ya wenzenu. Msiokote wala kuhamisha kitu katika kifusi, hata regulata iliyoruka hadi uani kwenu. Kitu kidogo kama hicho ndicho kilichofumbua jambo la Indianapolis. Na mkiulizwa, "Mnadhani ni nani?" jibuni kwa adabu kama mtoto anavyomjibu mkubwa: "Shikamoo mzee. Hilo sijui. Ninalolijua ni kwamba nilisikia kishindo kimoja saa nane kasorobo, na moto nikauona baadaye."

Pengine mtachekwa. Wataambiana kwamba shule imewafanya waoga wa maneno, na yule anayetoa sababu tano atasikilizwa na watu wengi zaidi usiku ule. Haidhuru. Mpelelezi akija asubuhi hatamtafuta mwenye sababu tano. Atamtafuta mwenye saa, mwenye upande na mwenye idadi ya vishindo.

Na wazazi wetu wanaosoma gazeti hili, nawaomba jambo moja. Mtoto akija na habari ya msiba, msimwulize kwanza, "Wasemaje watu?" Mwulizeni, "Wewe umeona nini?" Ni swali dogo, lakini mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo atakuwa shahidi mwema atakapokuwa mtu mzima, na mtaa wenye mashahidi wema ni mtaa ambao mwenye kosa hapati pa kujificha na asiye na kosa hulala usingizi.

Wenu katika masomo,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita